Kutoka Saba hadi Nane: Safari ya Neno Sayari

Neno sayari limeingia katika Kiswahili kwa mlango wa Kiarabu, na huko asili yake ni kitenzi chenye maana ya kwenda. Msomaji aliyeipitia Sura ya Yusuf amekwisha kukutana nalo kwa maana nyingine: sayyara ndio ule msafara uliopita karibu na kisima, ukamtuma mteka maji wake, naye akateremsha ndoo akampata kijana. Aliyeishi Muscat au Dubai analijua kwa maana ya tatu, kwani huko sayyara ni motokaa. Msafara, motokaa na sayari, vyote ni vitu vyenye kwenda. Wanafalaki wa Kiarabu waliposema al-kawakib al-sayyara, nyota zendazo, walikuwa wakifasiri neno la Wayunani wa kale ambalo maana yake ni mzururaji, ili kuzitenga na zile nyota nyingine ambazo usiku hadi usiku hazibadili nafasi zilizopo baina yao.

Fasili hiyo haikuhitaji mkutano wala kura. Ilihitaji macho na subira. Kila kilichoonekana kikisogea mbele ya nyota zilizotulia kilikuwa sayari, na vilivyosogea vilikuwa saba: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kwa mpango huo huo Ptolemy wa Alexandria aliviandika katika karne ya pili, Dunia ikiwa katikati imetulia. Jua lilikuwa sayari. Mwezi ulikuwa sayari. Dunia haikuwa, kwa sababu hapana aliyeiona ikienda. Majina ya hizo tano nyingine Kiswahili kiliyapokea pamoja na neno lenyewe. (Waliokuja kuiita Utaridi kwa jina la Zebaki katika baadhi ya vitabu vya shule walifasiri kutoka Kiingereza, ambako sayari hiyo na ile madini ya majimaji vina jina moja, wakasahau kwamba jina lilikuwamo nyumbani.)

Saba hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Mwaka 1543 kitabu cha Copernicus kilipoliweka Jua katikati, maana ya neno iligeuka kichwa chini, na neno lenyewe halikutikisika. Sayari haikuwa tena kitu kinachoonekana kikizurura. Ilikuwa kitu kinacholizunguka Jua. Kwa hiyo Jua likatoka katika orodha, Dunia ikaingia, na Mwezi ukabaki na aibu yake, kwani unaizunguka Dunia. Zikawa sita. Hata hivyo watu hawakuacha mara moja kuita miezi kwa jina la sayari. Mwaka 1610 Galileo aliona vitu vinne vikiizunguka Mshtarii, na zaidi ya miaka 60 baadaye Cassini, akiandika kwa Kifaransa kuhusu miezi miwili aliyoigundua kando ya Zohali, bado aliiita sayari mpya. Hapana aliyemsahihisha. Desturi ya kutenga mwezi na sayari ilijengeka polepole, kalamu kwa kalamu.

Kwa muda mrefu hapakuwa na sababu ya kuulizana zaidi. Kisha usiku wa tarehe 13 Machi 1781, katika mji wa Bath nchini Uingereza, mwanamuziki mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akijitengenezea darubini kwa mikono yake aliona kitu ambacho alidhani ni nyota ya mkia. William Herschel hakuwa na shahada ya elimu ya nyota. Alichokiona kilikuwa sayari ya saba, ambayo hatimaye iliitwa Uranus, nayo ikaangukia karibu kabisa na mahali palipotajwa na kanuni moja ya hesabu iliyokuwa ikienezwa na Johann Bode wa Berlin. Kanuni hiyo haikuwa na sababu yoyote ya kimaumbile nyuma yake. Ilikuwa mfuatano wa tarakimu tu. Lakini sasa iliaminiwa, na iliaminiwa pia pale iliposema kwamba baina ya Mirihi na Mshtarii pana nafasi tupu ambayo haikupaswa kuwa tupu.

Mnamo Septemba 1800 wanafalaki kadhaa wa Ujerumani walikutana Lilienthal wakaamua kuugawa ukanda wa mbingu sehemu 24, kila sehemu na mlinzi wake, ili waisake sayari iliyopotea. Walijiita, kwa mzaha, polisi wa mbinguni. Kabla polisi hawajaanza doria yao ipasavyo, aliyekuwa akisakwa alijitokeza kwa mtu ambaye hakuwa akimtafuta. Giuseppe Piazzi, padri aliyekuwa akisimamia jumba la kutazamia nyota huko Palermo, katika kisiwa cha Sicilia, alikuwa akitengeneza orodha ya nyota, kazi ya uvumilivu inayomtaka mtu apime nyota ile ile usiku mmoja baada ya mwingine. Tarehe 1 Januari 1801, siku ya kwanza ya karne, aliandika nyota moja hafifu. Usiku uliofuata haikuwapo mahali pake. Usiku wa tatu ilikuwa imesogea tena.

Piazzi alitangaza kwamba ameona nyota ya mkia, ila katika barua kwa rafiki yake wa Milan alinong'ona kwamba huenda ni kitu bora kuliko hicho. Aliipima mara 24 hadi tarehe 11 Februari, kisha akaugua, na baada ya hapo kitu chenyewe kikajificha kwenye mwanga wa Jua. Wenzake wa Ulaya walipopata vipimo vyake, hapakuwa na wa kuweza kusema kitatokeza wapi. Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, alibuni njia mpya ya kukokotoa mzingo mzima kutokana na vipimo vichache, akapeleka jibu. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1801 kitu cha Piazzi kilionekana tena, karibu sana na alipoelekeza Gauss. Piazzi alikipa jina la Ceres, mungu wa kike wa mavuno wa Warumi, aliyeheshimiwa sana Sicilia, akaongeza na jina la mfalme wake, Ferdinand. La mfalme halikudumu. Ceres ikawa sayari ya nane, ikapewa alama yake katika majedwali, mundu wa kuvunia, na mwaka 1803 madini mapya yaliyogunduliwa yaliitwa seriamu kwa heshima yake.

Furaha ilikuwa na dosari moja. Tarehe 28 Machi 1802 Wilhelm Olbers, tabibu wa Bremen, aliona kitu kingine katika ukanda ule ule, akakiita Pallas. Nafasi iliyokuwa ikidai mkaaji mmoja ilikuwa imepata wawili. Herschel, kwa darubini zake kubwa, alijaribu kuvipima, navyo vikakataa kuonekana kama visahani vidogo kwa namna Mirihi na Mshtarii zinavyoonekana. Vilibaki nukta, kama nyota. Aliikadiria Ceres kuwa na kipenyo kisichofika kilomita 300. Hesabu yake ilikuwa ndogo mno, kwani leo inajulikana kwamba ni kadiri ya kilomita 940, ila aliona jambo ambalo wengine hawakutaka kuliona: kwamba hivi ni vitu vya jinsi nyingine na vinastahili jina lao. Aliwaandikia marafiki wasomi akiomba neno. Lililopatikana, ambalo utafiti wa karne hii umelihusisha na Charles Burney mdogo, bingwa wa Kiyunani, lilikuwa asteroidi, yaani chenye mfano wa nyota.

Wapo waliomshutumu Herschel kwamba anataka kuwapunguzia sifa waliogundua baada yake, ili abaki yeye peke yake mgunduzi wa sayari. Shutuma hiyo haimtendei haki. Aliyetunga neno jipya hakumshusha mtu cheo. Alimfungulia kitu kipya daftari lake. Lakini wakati haukuwa tayari, na neno likawekwa kando. Juno ilipogunduliwa mwaka 1804 na Vesta mwaka 1807, zote ziliandikwa sayari. Watoto wa shule wa Ulaya walikariri sayari 11, na wengi wao walizeeka na kufa wakizijua kuwa ni 11.

Baada ya Vesta kulikuwa kimya kwa miaka 38. Aliyekivunja kimya hicho ni Karl Ludwig Hencke, mtumishi mstaafu wa posta katika mji wa Driesen, ambaye kwa miaka 15 alikuwa akitazama mbingu kwa darubini yake mwenyewe wakati mabingwa wamekwisha kukata tamaa. Tarehe 8 Desemba 1845 aliona Astraea. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle wa Berlin alielekeza darubini mahali alipoambiwa na hesabu za Mfaransa Urbain Le Verrier, akaiona Neptune. Kwa hesabu ya siku hiyo Neptune ilikuwa sayari ya 13. Kisha mlango ukafunguka: mwaka 1847 tatu, na mwisho wa 1851 zile ndogo peke yake zilikuwa 15. Kila moja ilitakiwa ipewe jina la mungu na alama ya kuchora: ua, upinde wa mvua, mkuki. Wachapaji waliishiwa na michoro, na wanafalaki waliishiwa na subira.

Johann Encke wa Berlin ndiye aliyependekeza, mwaka 1851, kwamba vitu hivi viache alama na vipewe namba ndani ya duara. Ceres ikapoteza mundu wake na kuwa namba 1. Katika miaka iliyofuata majedwali ya nchi moja baada ya nyingine yalizitenga zile ndogo katika ukurasa wao, na asteroidi, neno la Herschel lililokuwa limelala, likaamshwa. Hapakupigwa kura. Hapakuandikwa azimio. Aliyekuwa mjukuu katika miaka ya 1860 alikariri sayari nane pale babu yake alipokariri 11, na hapana kati yao aliyeandamana.

Simulizi hii haikubaliwi na wote. Mwaka 2019 Philip Metzger na wenzake walichapisha uchunguzi wa maandishi ya kisayansi ya karne mbili, wakidai kwamba wataalamu waliendelea kuziita asteroidi sayari hadi miaka ya 1950, na kwamba kilichowageuza ni elimu ya asili na maumbile yake, wala si wingi wake. Dai hilo lina haki yake, kwani msemo “sayari ndogo” ulidumu sana vitabuni. Ila jedwali ni shahidi mgumu kumkanusha. Mtu anaweza kumwita jirani ndugu, lakini siku ya kuandika mirathi ndipo hujulikana nani ni ndugu, na katika majedwali ya nusu ya pili ya karne ya 19 Ceres haikuandikwa pamoja na Mirihi na Mshtarii. Iliyoiondoa ni idadi ya wenziwe. Chombo kimoja mahali pake kiliitwa sayari. Mia, waliotimia mwaka 1868, waliitwa kundi.

Kisa cha Pluto ni kile kile kilichorudiwa kwa sauti kubwa zaidi. Percival Lowell, tajiri wa Boston aliyejenga jumba la kutazamia nyota huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, aliamini kwamba mwendo wa Uranus una kasoro ndogo ambazo Neptune haitoshi kuzieleza, na kwamba mbali zaidi ipo sayari yenye uzito wa karibu Dunia saba. Alifariki mwaka 1916 bila ya kuiona. Mwaka 1929 jumba lake lilimwajiri Clyde Tombaugh, kijana wa shamba kutoka Kansas ambaye mavuno ya babake yalikuwa yameharibiwa na mvua ya mawe na ambaye hakuwa na fedha ya kwenda chuo kikuu. Sifa yake ilikuwa michoro ya Mirihi na Mshtarii aliyoichora kwa darubini aliyojiundia. Kazi aliyopewa ilikuwa kupiga picha za mbingu juu ya vioo, kisha kulinganisha kioo kwa kioo kutafuta nukta iliyohama, moja kati ya maelfu kwa maelfu. Tarehe 18 Februari 1930, akilinganisha vioo vya tarehe 23 na 29 Januari, aliiona.

Ilitangazwa tarehe 13 Machi, siku aliyozaliwa Lowell na siku ilipogunduliwa Uranus. Jina la Pluto lilipendekezwa na Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford, na likakubaliwa kwa moyo mkunjufu, maana herufi zake mbili za mwanzo ndizo za jina la Percival Lowell. Hapana aliyeuliza sana kama ni sayari. Ilikuwa imetafutwa kama sayari, na kilichopatikana hupewa jina la kilichotafutwa.

Kuanzia hapo Pluto haikuacha kupungua. Kila kizazi cha vipimo kiliikuta ndogo kuliko kizazi kilichotangulia, hata mwaka 1978 James Christy alipogundua mwezi wake, Charon, na kwa mwendo wa mwezi huo ikawezekana kuipima kweli: uzito wake haufiki robo ya asilimia moja ya uzito wa Dunia, na haufiki moja ya tano ya Mwezi wetu. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuitikisa Uranus. Mwaka 1993, kwa kutumia vipimo vya chombo Voyager 2 kilichopita Neptune mwaka 1989, hesabu zilirudiwa, na zile kasoro za Lowell zikatoweka. Sayari aliyoitabiri haikuwapo. Tombaugh alikuwa ameikuta Pluto kwa bidii yake na kwa bahati.

Hata hivyo udogo peke yake haukuitoa Pluto. Iliyoitoa ni jamaa zake. Tarehe 30 Agosti 1992 David Jewitt na Jane Luu, waliokuwa wamesaka kwa miaka mitano, waliona kutoka kilele cha Mauna Kea, katika visiwa vya Hawaii, kitu kidogo mbali kupita Neptune. Kilifuatwa na kingine, na kingine, na katika muda wa miaka 14 walikuwa wamekaribia elfu. Sasa ilionekana wazi kwamba Pluto inaishi ndani ya ukanda wa vitu vya barafu, kama Ceres inavyoishi ndani ya ukanda wa mawe. Wenye kukumbuka karne ya 19 waliona jambo linakokwenda. Mwaka 2000 jumba la maonyesho ya nyota la New York lilipofunguliwa upya, Pluto haikuwekwa pamoja na sayari kubwa, na barua za watoto wenye hasira zikaanza kumfikia mkurugenzi wake, Neil deGrasse Tyson.

Kisha mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wawili walitangaza kitu kilichodhaniwa kikubwa kuliko Pluto. Leo inajulikana kwamba kwa kipenyo ni kidogo kidogo, kilomita 2,326 kwa 2,377, ila kwa uzito kinaizidi kwa zaidi ya robo. Hapo hapakuwa na pa kukwepea. Kama Pluto ni sayari, hiki ni cha kumi. Kama hiki si sayari, Pluto ni nini? Brown alikipa baadaye jina la Eris, mungu wa fitina wa Wayunani, na hapana jina la mbinguni lililosadifu zaidi.

Jumuiya ya Kimataifa ya Wanafalaki, iliyoanzishwa mwaka 1919, ndiyo yenye madaraka ya kupitisha majina ya vilivyo mbinguni. Ajabu ni kwamba kwa miaka 87 ilikuwa na mamlaka hayo bila ya kuwa na fasili ya sayari. Kamati ya watu saba chini ya Owen Gingerich, mwanahistoria wa elimu hiyo, ikakaa Paris, na tarehe 16 Agosti 2006 rasimu yake ikawekwa mbele ya mkutano mkuu uliokuwa Prague. Rasimu ilisema: sayari ni kitu kinachozunguka nyota, na ambacho mvutano wake wenyewe umekifinyanga hata kikawa tufe. Kwa kipimo hicho Ceres ingerudi baada ya karne moja na nusu, Eris ingeingia, hata Charon ingeingia, na sayari zingekuwa 12, na nyingine nyingi zikisubiri mlangoni. Kwa siku nane, kwenye karatasi, zilikuwa 12.

Upinzani uliongozwa na watu wa elimu ya mizingo, na miongoni mwao walikuwamo wawili kutoka Uruguay, Julio Fernández na Gonzalo Tancredi, walioleta rasimu yao. Hoja yao ilikuwa kwamba umbo halitoshi. Sayari ni lazima iwe imeutawala ukanda wake, iwe imevikusanya au kuvifukuza vidogo vilivyoizunguka. Hili si jambo la maneno matupu. Steven Soter alilipima mwaka huo huo kwa kulinganisha uzito wa kila kitu na uzito wa vyote vingine vinavyoshiriki njia yake. Dunia inavizidi vya kwake mara milioni moja na laki saba. Neptune, ya mwisho katika zile nane, inavizidi vya kwake mara 24,000. Kinachofuata ni Ceres, ambayo haifiki hata nusu ya jumla ya wenziwe, na Pluto haifiki moja ya kumi. Baina ya 24,000 na theluthi moja hapana kitu. Mgawanyiko huo umo katika maumbile yenyewe, na aliyeukataa alipaswa kueleza pengo hilo limetoka wapi.

Alasiri ya tarehe 24 Agosti waliobaki ukumbini walikuwa kadiri ya mia nne na ushei, katika jumuiya yenye wanachama wapatao 9,000. Walipewa kadi za manjano. Aliyeongoza mjadala ni Jocelyn Bell Burnell, ambaye mwaka 1967, akiwa mwanafunzi, aligundua zile nyota zipigazo mapigo kama ya moyo. Alikuja na puto kubwa, mwanasesere wa mbwa Pluto wa Disney na mwavuli, ili watu waone kwa macho wanapigia kura nini. Azimio la kwanza lilipita kwa kadi nyingi hata halikuhesabiwa: sayari ni kitu kinachozunguka Jua, kilicho tufe kwa mvutano wake, na kilichosafisha jirani ya mzingo wake; kilichotimiza mawili ya mwanzo na kukosa la tatu kitaitwa sayari kibete.

Azimio la pili lilihusu neno moja tu. Lilitaka zile nane ziongezewe sifa, ziitwe sayari za jadi. Bell Burnell alifungua mwavuli kuonyesha maana yake: neno hilo likiongezwa, chini ya mwavuli wa sayari patakuwa na makundi mawili, za jadi na vibete, na Pluto itabaki ndani. Lisipoongezwa, itabaki nje. Kivumishi kimoja. Kadi zilizoinuliwa kukiunga mkono zilikuwa 91, na kivumishi kikaanguka. Azimio la kuitaja Pluto kuwa sayari kibete, na mfano wa jamii mpya ya vitu, lilipata 237 dhidi ya 157. Mwezi uliofuata Pluto ilipewa namba yake, 134340, katika daftari lile lile ambamo Ceres ni namba 1.

Kugawanya walipatia. Walipokosea ni kwenye nomino. Walitaka kwa neno moja kuwaridhisha waliosema Pluto ni sayari na waliosema siyo, wakatunga jina ambalo kwa sarufi linasema ndiyo na kwa sheria linasema hapana. Katika lugha nyingi kibete cha kitu ni kitu hicho hicho kilicho kidogo: mwembe mfupi ni mwembe, na mtu kibete ni mtu kamili. Mfasiri wa Kiswahili aliyeandika sayari kibete aliifuata rasimu kwa uaminifu, na kwa hiyo alihamisha pia kasoro yake. Lakini Kiswahili kilikuwa na njia yake. Kilima hakikuwa mlima uliopunguzwa cheo. Kijito hakihesabiwi miongoni mwa mito, wala kijiji miongoni mwa miji, na hapana anayekionea huruma. Kiambishi kimoja kinatosha kukitoa kitu katika jamii yake na kukipa jamii nyingine, bila ya kukana nasaba. Lau ingesemwa kijisayari, ugomvi mwingi usingekuwa na pa kusimama kwa msemaji wa Kiswahili, sawa na Herschel alivyojaribu kuukwepa mwaka 1802 kwa kutafuta neno lisilokuwapo.

Ugomvi ulikuwapo, na hakika haukuwa wa watoto peke yao. Alan Stern alikuwa ndiye kiongozi wa chombo New Horizons, kilichorushwa kuelekea Pluto tarehe 19 Januari 2006, miezi saba kabla ya kura, kikiwa kimebeba kiasi kidogo cha majivu ya Tombaugh, aliyefariki mwaka 1997. Alikusanya saini za zaidi ya wanasayansi 300 wasioitambua fasili. Aliuliza ni sayari gani iliyosafisha jirani yake, ikiwa Mshtarii yenyewe inafuatana na maelfu ya asteroidi katika njia yake. Swali linachoma, ingawa jibu lake limo katika hesabu za Soter, na kabla ya Soter katika makala aliyoiandika Stern mwenyewe pamoja na Hal Levison mwaka 2000, iliyoonyesha namna ya kupima utawala huo. Wanasiasa nao hawakukaa kando. Baraza la wawakilishi la New Mexico, jimbo alikoishi Tombaugh, lilitangaza mwaka 2007 kwamba Pluto itakuwa sayari kila ipitapo katika mbingu ya jimbo, na mwaka 2024 Arizona iliifanya kuwa sayari rasmi ya jimbo. Wanalahaja wa Marekani waliligeuza jina kuwa kitenzi chenye maana ya kushushwa cheo, wakalichagua kuwa neno la mwaka 2006. Chombo kilipofika tarehe 14 Julai 2015 kilikuta milima ya barafu ya maji na bonde pana la naitrojeni iliyoganda linalotembea polepole, mandhari ambayo nyingi kati ya sayari halisi hazina mfano wake.

Udhaifu mkubwa wa fasili ya Prague uko kwingine, na wachache waliupigia kelele siku ile. Azimio linasema Jua, wala halisemi nyota. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walikuwa wamekwisha kutangaza sayari inayozunguka nyota iitwayo 51 Pegasi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2019, na kufikia Septemba 2025 zilizothibitishwa za namna hiyo zilipita 6,000. Kwa herufi ya azimio, hakuna hata moja kati yao iliyo sayari. Kwa hizo wanafalaki wanatumia mwongozo mwingine, unaoweka mpaka wa juu tu: kitu kikizidi uzito wa Mshtarii mara 13 hivi, kinaweza kuanza kuchoma hidrojeni nzito ndani yake, na hapo hutoka katika sayari.

Mwaka 2024 Jean-Luc Margot na wenzake wawili walipendekeza fasili moja kwa zote, isiyotaja Jua wala umbo, yenye kutegemea uzito peke yake, kwa kuwa uzito unaweza kupimwa kutoka mbali na utufe wa kitu kilicho mbali miaka mia ya nuru hauwezi kuonekana. Mpaka wa chini waliouchagua ungeziacha zile nane mahali pake na Pluto mahali pake. Agosti ya mwaka huo mkutano mkuu wa Jumuiya ulikaa Cape Town, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Maneno yaliyopitishwa Prague kwa kadi za manjano yalitoka katika mkutano huo kama yalivyoingia, na Jua limo bado ndani yake.